Maombi ya Kurudishiwa Dakika Hamsini na Moja

Meza ya Tatu, Karibu na Dirisha,
Chumba cha Mafundi,
Ghorofa ya Pili.

Jumanne, saa nne na robo asubuhi.

Kwa Meneja wa Ufundi,
Mlango wa Kioo,
Ghorofa hiyo hiyo.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTANGULIZWA KWA MAJARIBIO YANAYOHUSIKA, NA MADHARA YAKE KWA WATU WALIOKUWA WAMETULIA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio upande wako wa kioo. Sisi wa upande huu tunaendelea, ingawa si kama tulivyokuwa tukiendelea zamani.

Nimefanya kazi hapa miaka kumi na moja. Sijawahi kuandika barua ya malalamiko, hata mwaka ule feni ilipodondoka juu ya printa nami nikiwa nasubiri karatasi. Leo naandika kwa sababu ya badiliko uliloleta wiki tatu zilizopita, na naomba lifutwe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Saa hiyo mlinzi wetu wa mlango wa mbele, ambaye sote tunamwita Kamanda, anastaafu, na mimi na yeye tuna mchezo wa drafti ambao haujaisha. Jambo hilo ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nimeliweka namba saba. Yako mengine sita yaliyofika kabla yake, na sioni kwa nini yarukwe kwa kuwa tu ni madogo.

Kwanza nieleze hali ilivyokuwa, ili barua hii ikisomwa na mtu asiye wa idara yetu asipotee njia.

Tunatengeneza programu inayotumiwa na kliniki. Inapanga foleni, inatunza anwani za wagonjwa na inawakumbusha siku ya kurudi. Fundi akimaliza mabadiliko yake huyatuma kwenye ile kompyuta kubwa iliyo katika chumba chenye baridi, tunayoiita Mkaguzi. Mkaguzi hupitisha majaribio 4,812, moja baada ya jingine, bila kushikwa na mtu, kuona kama kuna kilichoharibika. Kila meza ina taa yake, na kule mapokezi kuna ubao wenye taa zote nane, ili wageni waone kwamba tunafanya kazi. Majaribio yakiwa yanaendelea, taa yako ni njano. Yote yakifaulu, inakuwa kijani. Likishindwa hata moja, Mkaguzi husimama hapo hapo, taa inakuwa nyekundu, nawe unarudi mezani kurekebisha. Kuyapitia yote huchukua dakika hamsini na mbili.

Kwa miaka yote hiyo Mkaguzi alifuata alfabeti. Alianza na Anwani, akapita Dawa, Foleni na Ratiba, akamalizia na Ziara. Ziara ndiyo sehemu yangu: siku mgonjwa alipokuja na siku anayotakiwa kurudi. Nilipokosea, na sikatai kwamba huwa nakosea, kosa langu lilionekana dakika ya hamsini na moja. Kwa dakika hizo zote nilikuwa mtu asiye na kosa linalojulikana.

Ndipo ukabandika tangazo ubaoni, lenye aya tatu. Niliisoma aya ya kwanza, ikanitosha. Ilisema kwamba kuanzia siku hiyo Mkaguzi ataangalia kwanza fundi amegusa wapi, na majaribio gani yamekuwa yakishindwa siku za karibuni. Hayo yatatangulizwa, mengine yatafuata. Nilirudi mezani nikakaa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Chai. Birika letu la umeme huchemsha maji kwa dakika nne na sekunde kumi. Nimelipima mara tatu. Chini ya mpangilio wa zamani fundi alituma kazi, akawasha birika, akatafuta kikombe chake, akakikuta kwa mwingine, wakazungumza hadi yakaisha kwa amani, na muda ukabaki. Sasa natuma kazi na taa yangu inakuwa nyekundu baada ya sekunde arobaini. Jumatano iliyopita ilinikuta nimeshika kifuniko cha birika. Katika wiki tatu nimekunywa kikombe kimoja cha chai iliyochemka, na hicho ni kwa sababu umeme ulikatika kwa Mkaguzi ukabaki jikoni.

2. Kinyongo. Sijui neno jingine la kulitumia. Nimetuma kazi mara arobaini tangu badiliko hilo, na mara thelathini na nane Mkaguzi ameanza na Ziara. Mara moja nilichokuwa nimebadilisha ni rangi ya kitufe, kutoka bluu kwenda bluu nyingine. Alikwenda moja kwa moja Ziara kama mwenye nyumba anayejua mlango wa asiyelipa kodi. Nilipouliza, nikaambiwa ni kwa sababu majaribio ya Ziara ndiyo yanayoshindwa mara nyingi kuliko ya sehemu nyingine yoyote. Sibishani na takwimu. Ninachosema ni kwamba mtu akijikwaa mara kadhaa kwenye ngazi fulani, waungwana hawamwekei kiti pale kila asubuhi ili wawe wa kwanza kumwona.

3. Majaribio yenye tabia njema. Liko jaribio linaloangalia kama neno "Karibu" linaonekana kwenye ukurasa wa kwanza wa programu. Limefaulu mara 9,306 bila kushindwa hata mara moja. Kwa miaka kumi na moja lilikuwa likiitwa mbele ya Ziara yote. Leo liko nafasi ya 4,790. Wakati huo huo jaribio langu la tarehe za kurudi, ambalo halijawahi kufaulu siku mbili mfululizo, linaitwa mbele kama bwana harusi. Tunawafundisha nini vijana wanaoajiriwa? Nilikwenda kuliangalia jaribio lile la "Karibu" juzi mchana. Bado linafaulu, lakini si kwa moyo ule.

4. Vyeo. Hili pengine hukulijua ulipokuwa unaandika tangazo, kwa hiyo nalisema bila lawama. Miaka kumi na moja iliyopita, nilipopewa sehemu ya siku za wagonjwa, wenzangu walitaka iitwe Mahudhurio. Nilisimama peke yangu nikatetea Ziara, na nilijua ninachokitetea. Mwaka uliofuata fundi wa ripoti aliigundua siri. Ripoti zikaanza kuitwa Zana za Ripoti. Kisha fundi wa ujumbe akaleta Zana za Kutuma. Kijana wa meza ya sita aliomba sehemu yake iitwe Zzz, na ni wewe mwenyewe uliyemkatalia kwa maandishi. Hatukuwa na njia nyingine ya kupanda cheo katika chumba kile, Ndugu Meneja. Ulianza kwenye M, ukafanya kazi kwa bidii, na siku moja ukafika kwenye Z. Sasa herufi hazina maana. Fundi wa ripoti amerudisha jina la zamani na haongei na mtu.

5. Mwenzetu wa meza ya pili, tunayemwita Dada Anwani kwa ajili ya sehemu yake. Kwa miaka sita yeye peke yake ndiye ambaye kosa lake lilionekana katika dakika ya kwanza, kwa kuwa alianza na A. Hakupata chai. Hakujua habari zetu. Siku ya kuzaliwa kwa fundi wa ripoti alikula keki akiwa amesimama. Kwa njia hiyo akawa mwangalifu kuliko sisi sote, akawa na afya nzuri, na makosa yake yakapungua hadi karibu na sifuri. Badiliko lako limemnyang'anya upekee huo. Kwa wiki hizi tatu taa yake hukaa njano muda mrefu sana, wakati mwingine hadi anamaliza kikombe cha pili na kusoma gazeti. Sijachunguza sababu. Nilimweleza masikitiko yangu kwa niaba yake, naye, bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti, akasema, "Kaka, si uirekebishe tu hiyo Ziara, upate njano yako?"

Nimeinukuu kauli hiyo kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu. Haihusiani na hoja.

6. Nyumbani. Hapa naomba univumilie, kwa kuwa madhara yamevuka geti la kazini.

Mke wangu ni mkunga. Nilimsimulia badiliko lako nikitarajia pole. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema ni jambo la akili. Tangu siku hiyo analitumia. Zamani nilirudi, tukasalimiana, nikaulizwa habari za kazi, za njiani, za Kamanda, za feni. Tulikula, tukawasikiliza watoto, na mwisho kabisa ndipo ilipogundulika kwamba sikupita kwa fundi cherehani kuchukua sare yake. Kufikia wakati huo duka lilikuwa limefungwa na hapakuwa na la kufanya, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi. Sasa ananikuta mlangoni, sijavua viatu. "Anza na sare," ananiambia. Nimenaswa mlangoni mara kumi na nne kwa wiki tatu. Anasema anaangalia kwanza pale ambapo huwa nasahau. Hayo ni maneno ya aya yako ya kwanza, neno kwa neno, na mimi ndiye niliyeyaleta nyumbani.

Katika familia yetu amebaki mtu mmoja tu anayeheshimu mpangilio, naye ni mama mkwe. Jumapili moja mwezi uliopita alipiga simu saa tatu asubuhi. Alinisalimia mimi, akamsalimia binti yake, akawasalimia watoto mmoja mmoja kwa jina, akaulizia jino langu, akasimulia kwamba mtoto wa jirani amefaulu mtihani, tena kwa alama za kushangaza ukizingatia alivyokuwa. Dakika ya kumi na nane akataja kwamba jiko lake linaungua kidogo, na lilikuwa limeanza kabla hajapiga. Nakuomba utazame matokeo. Kufikia hapo sisi sote tulikuwa watulivu, tumeketi, tuna habari za kila mtu. Majirani walishalizima kwa ndoo. Kilichopotea ni pazia na sufuria moja isiyo na mpini. Kwa mpangilio wako angetaja moto katika sekunde ya kwanza, tungeanza kukimbia huku na huku, na mpaka leo tusingejua lolote kuhusu ule mtihani.

Mke wangu amemwomba mama yake kwamba siku nyingine aanze na moto. Mama mkwe alimjibu, nami nilikuwa nasikia kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa mezani: "Mwanangu, moto hauna adabu. Mimi ninayo."

Sijamaliza. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki kwa ajili ya sikio lililokuwa likiniwasha. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Muuguzi alitoka, akatupita sote, akamchukua mtu wa ishirini na tatu, ambaye alikuwa ameletwa akiwa amebebwa na ndugu zake wawili. Nilisimama nikauliza kwa heshima kama foleni ile ina maana yoyote. Muuguzi akanigeuzia kompyuta yake nione. Ilikuwa programu yetu, sehemu ya Foleni, ikimwonyesha anayehitaji kuonwa kwanza. Kwa hiyo tatizo hili ni letu wenyewe, tumelitengeneza kwa mikono yetu na kulisambaza. Nilirudi nikakaa. Siku hiyo hiyo mwalimu wa mwanangu aliniarifu kwamba siku hizi anaanza kukagua daftari la mtoto ambaye ana uwezekano mkubwa wa kutokuwa amefanya kazi ya nyumbani. Sikuuliza ni mtoto gani.

Tusipolizuia jambo hili mapema, najua tunakoelekea. Mechi zitaanza na penalti. Filamu zitaanza muuaji akiwa ameshakamatwa, na watu watakaa saa mbili wakimtazama amekamatwa. Mikutano ya idara itaanza na lile ambalo kila mtu alijua litakuja mwishoni kabisa, chini ya "mengineyo," wakati nusu ya watu wameshatoka. Wewe mwenyewe, Ndugu Meneja, utaingia mkutanoni, na kabla hujaketi mtu atakuuliza lini feni itatengenezwa.

7. Drafti. Sasa nimefika.

Kamanda amekaa mlango wa mbele miaka ishirini na miwili. Ni mtu wa maandishi. Kilichobandikwa ukutani anakifuata, na kisichobandikwa hakitambui. Miaka mitatu iliyopita ulibandika pale mapokezi: "Michezo ni marufuku saa za kazi, isipokuwa kwa fundi ambaye taa ya meza yake ni njano." Ulikuwa unataka tupumzike wakati wa kusubiri, nasi tulikushukuru. Siku hiyo hiyo Kamanda alitoa ubao wa drafti aliokuwa ameuhifadhi kwenye droo ya funguo tangu mwaka usiojulikana. Kete zetu ni vifuniko vya chupa. Zake zimeangalia juu, zangu chini.

Tangu hapo tumecheza michezo 422. Yeye ameshinda 211, nami 211. Sikutengeneza hesabu hiyo. Iko kwenye daftari la wageni, ukurasa wa nyuma, kwa mwandiko wake. Mchezo wa 423 ulianza siku moja kabla ya tangazo lako. Mimi nina kete nne. Yeye ana tatu, na moja kati yake ni kingi, ile inayotembea mbele na nyuma. Ni zamu yake. Ubao uko chini ya kaunta ya mapokezi, umefunikwa kwa boksi la karatasi za printa ili dada wa mapokezi asiupanguse.

Nakupa hesabu ya hali ilivyo. Taa yangu inakaa njano sekunde arobaini. Ngazi kutoka meza yangu hadi mapokezi zinanichukua sekunde thelathini na moja, na hapo nashika reli. Kamanda hawezi kuondoa boksi kabla taa haijawa njano na mimi mwenyewe sijafika mbele yake, kwa kuwa tangazo linasema "kwa fundi." Kuondoa boksi kunamchukua sekunde sita. Zinabaki tatu. Kamanda si mtu wa kucheza kwa sekunde tatu.

Siku ya kwanza aliinua kingi yake, akaupeleka mkono katikati ya ubao, na taa ya meza ya tatu ikawa nyekundu. Mkono ulibaki hewani. Aliutazama kama wa mtu mwingine, akairudisha kingi mahali ilipokuwa. "Nyekundu, fundi," akasema, akarudisha boksi. Tangu siku hiyo ameiinua mara sita. Mara sita ameirudisha. Sijui alitaka kuiweka wapi. Nimeutazama ubao ule kwa wiki tatu kupitia picha iliyo kwenye simu yangu, nikiwa mezani, nikiwa nachana nywele, nikiwa napewa maelekezo na mke wangu mlangoni, na sijui alitaka kuiweka wapi.

Utaniuliza kwa nini tusicheze wakati mwingine. Nimeyafikiria yote. Saa ya chakula Kamanda yuko peke yake mlangoni na hakuna fundi anayetuma kazi, kwa hiyo taa zote zimezimwa. Baada ya kazi anasema drafti ile ni ya kazini. Nilimshauri tuzitumie taa za wengine, tucheze wakati taa ya Dada Anwani ni njano, kwa kuwa yake haizimiki. Alinitazama hadi nikaona haya. Na baada ya Ijumaa anahamia kwa binti yake mkubwa, mwendo wa siku mbili kwa basi. Nilimwambia atatutembelea. Akasema hawezi kukaa kwenye kiti cha wageni mahali ambapo yeye ndiye alikuwa anawaambia wageni wakae.

Kamanda hajalalamika. Amelisema jambo hili mara moja tu, jana, akiwa anafunga kitasa. "Fundi," alisema, "nisiondoke hapa na mkono hewani."

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo.

Mpangilio wa alfabeti urudishwe. Kama hilo haliwezekani kwa wote, urudishwe kwa meza ya tatu hadi Ijumaa saa kumi. Kama nalo haliwezekani, basi Mkaguzi aendelee kulijua kosa langu katika sekunde ya arobaini ikiwa ni lazima alijue, lakini akae nalo hadi dakika ya hamsini na moja, kama afanyavyo mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

Nawasalimu walio nawe: msaidizi wako, karani wa barua, yule mama anayefagia upande wenu tu na kutuachia sisi wa kwetu, na mtu yeyote mwingine aliye nyuma ya kioo ambaye kivuli chake tunakiona bila kumtambua. Dada wa mapokezi anakusalimu pia, na anauliza kuhusu boksi. Mama mkwe anakusalimu, ingawa hamjaonana, na angependa kujua habari za watoto wako mmoja mmoja kabla ya jambo lingine lolote.

Ni mimi, ninayelisubiri jibu lako kwa zamu yake,

Fundi wa Ziara.

Nakala:
Kamanda, mlango wa mbele (aisome taa ikiwa njano).
Ubao wa matangazo.
Mama mkwe, kwa simu.

Nyongeza. Alhamisi, saa tisa na dakika tano alasiri.

Barua hii imechelewa kufika kwako kwa kuwa printa bado ina alama ya feni. Katika kusubiri, yametokea mambo ambayo nayaeleza kwa mfuatano.

Leo asubuhi nilituma kazi, na Mkaguzi akanionyesha kosa katika sekunde ya thelathini na nane. Mgonjwa aliyekuja tarehe ya mwisho ya mwezi alikuwa akiambiwa arudi mwezi mmoja baada ya siku anayotakiwa. Nilikaa nikalirekebisha, kwa kuwa chai ilikuwa ya baridi na sikuwa na pa kwenda. Nikatuma tena. Kosa la pili, sekunde ya arobaini na moja. Nikarekebisha. La tatu, la nne, la tano. Kwa mpangilio wa zamani makosa hayo matano yangenichukua zaidi ya saa nne za kusubiri peke yake; naitaja hesabu hiyo kwa sababu nimeipiga, si kwa sababu nyingine.

Saa nane na dakika tatu nilituma kwa mara ya sita. Sekunde arobaini zikapita. Taa ikabaki njano. Ikapita dakika nzima. Nikaigonga taa kwa kidole, nikidhani imeharibika. Birika likachemka. Dada Anwani akakunja gazeti, akanionyesha ngazi kwa kidevu.

Nilishuka bila kushika reli. Kamanda alikuwa amesimama, mkono juu ya boksi. Aliliondoa, akaketi, akautazama ubao wa taa, akaiinua kingi, akaupeleka mkono hadi mahali ambapo sikuwa nimepatazama hata siku moja, akala kete zangu tatu kwa safari moja. Ya nne alinimaliza dakika ya saba. Ni 212 kwa 211, na ameshaandika. Zikabaki dakika arobaini na tano za njano, na hatukuwa na mchezo mwingine tuliotaka kuuanza, kwa hiyo alizitumia kunionyesha nilipokosea, akianza na lile kosa lililoniua. Taa ilipogeuka kijani saa nane na dakika hamsini na tano, alisimama akaipigia saluti. Kesho anaondoka saa kumi. Mikono yake yote miwili iko chini.

Nilipokuwa nikipanda kurudi nilisimama kwenye ubao wa matangazo, nikasoma aya yako ya tatu. Inasema: "Muda wote wa majaribio haujapungua hata dakika moja. Fundi ambaye kazi yake haina kosa atasubiri dakika hamsini na mbili, kama zamani."

Ndugu Meneja, jambo kama hilo haliwekwi aya ya tatu. Naomba matangazo yajayo yaanze na aya inayohusika. Na kama barua hii imekukuta ukiwa na haraka, anza kuisoma hapa.